CRP, ESR na WBC za mtoto baada ya upasuaji wa moyo zinasomwaje? Niko Mbeya, nimechanganyikiwa

mama_wa_uyole

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana toka jana usiku nageuza geuza haya makaratasi na sielewi kitu. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, kilo 14, alizaliwa na tundu kwenye moyo, lile la katikati ya vyumba vya chini, tumehangaika naye kliniki toka ananyonya, vichomi haviishi uzito hauongezeki, mwisho tukapata rufaa ya Dar pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na namshukuru Mungu akafanyiwa, kifua kikafunguliwa tundu likazibwa kwa kiraka.

Kule ICU walikuwa wanamtoa damu mara kwa mara, mi naomba majibu naandika kwenye daftari langu. CRP siku moja baada ya upasuaji ilikuwa 58, kesho yake 142, iliyofuata 127, afu 81, ikaendelea kushuka, siku tunaruhusiwa ilikuwa 24. Ile 142 nusura initoe roho, nikajua tayari mtoto ana sumu kwenye damu, nikamuuliza daktari akasema mama hii tunaitegemea, isingepanda ndo tungeshangaa. Sikuelewa ila nikanyamaza maana kweli ikaanza kushuka.

Tukarudi na basi salama kabisa, mtoto kachangamka, Kitonga yote anahesabu malori. Sasa hii ni wiki ya tatu toka afanyiwe. Homa inamjia jioni, mara 37.9 mara 38.2, kula hataki, alikuwa ameanza kukimbizana na wenzake ila sasa anataka kubebwa tu. Kinachonitisha zaidi ni usiku, nikimlaza chali analia anashika kifua, nikimwinua nikamweka begani anatulia. Kidonda kikavu, kikohozi hana, kuharisha hamna.

Nikampeleka kituo kimoja hapa mjini wakampima damu, majibu: CRP 6.4, ESR 62, WBC 13.8. Wakaniambia CRP iko vizuri imeshuka kutoka 24 mpaka 6, ESR ndo iko juu kwa hiyo ana infeksheni ndogo, tukapewa antibayotiki ya maji na panadol. Bibi yake kule Tukuyu anasema shida ni ile damu iliyozungushwa kwenye mashine, imerudi mwilini na uchafu wa mashine.

Naomba kujua, kwanini CRP ilipanda vile wakati upasuaji ulienda vizuri? Na hii 6.4 ndo amepona au vipi mbona homa ipo? Mwenye uzoefu anisaidie.

Mzee wa Kabwe

Pole sana dada yangu. Mi si daktari ila kutoka 142 mpaka 6 hayo ni maendeleo makubwa, mshukuru Mungu. Mbeya mwezi huu baridi ni kali na mtoto katoka joto la Dar, mvalishe sweta, mpe uji wa ulezi, homa itaisha yenyewe. Kila la heri.

labu_mafinga

Subirini kwanza. Mama wa Uyole, chukua ile karatasi ya kituo cha hapo mjini uangalie pembeni ya hiyo 6.4 wameandika yuniti gani. Ni mg/L au mg/dL? Usinijibu kwa kukumbuka, isome.

Nauliza kwasababu mi kazi yangu ni maabara na hii kitu naiona sana. CRP ni protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, na mashine nyingi huitoa kwa milligramu kwenye lita moja, lakini zipo zinazotoa kwa desilita moja, na desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo 6.4 ya mg/dL ni sawasawa na 64 ya mg/L. Anayesoma namba bila yuniti anaona mtoto kapona kumbe CRP imepanda karibu mara tatu toka atoke hospitali. Angalia pia safu ya kiwango cha kawaida, kama wameandika chini ya 0.5 basi ujue wanatumia desilita, kama ni chini ya 5 au chini ya 10 hiyo ni lita.

Na hizo nyingine mbili nisikudanganye, zenyewe hazisemi kitu kikubwa. ESR ni mwendo wa chembe nyekundu kuzama kwenye mrija kwa saa moja, ni kipimo cha zamani na kinavurugwa na vitu vingi, upungufu wa damu tu unaipandisha na watoto wengi wakitoka upasuaji damu yao huwa chini. Tena inapanda taratibu na kushuka taratibu, ugonjwa umeshaisha yenyewe bado iko juu kwa wiki kadhaa. Halafu kinyume chake, wale watoto wa bluu ambao damu yao imekuwa nzito kwa kukosa oksijeni, ESR inaweza kutoka ndogo kabisa na huku mwili unawaka. WBC, yaani hesabu ya chembe nyeupe, nayo inapandishwa na steroidi (dawa za kupoza uvimbe) kama deksamethazoni bila mdudu yeyote. Kwa hiyo mtu asikwambie ana infeksheni kwa kutazama ESR peke yake.

mama_wa_uyole

Jamani nimeisoma. Imeandikwa mg/dL, na pembeni chini ya 0.5. Za Dar zote kwenye fomu ya kuruhusiwa ni mg/L. Mikono inatetemeka hapa. Ina maana ni 64??

labu_mafinga

Ndiyo, ni 64. Tulia, 64 yenyewe si namba ya kuua mtu, malaria peke yake inaifikisha huko na kuzidi. Ila siyo ya kukaa nayo nyumbani kwa mtoto mwenye kifua kilichofunguliwa juzi. Waje wanaojua wodi wakueleze, mi najua mirija tu.

sista_ipogolo

Kamwene dada, pole na mtoto. Mi ni nesi, nimekaa ICU ya watoto wa moyo kabla sijahamia huku Iringa. Nakwambia la kufanya kwanza, maelezo baadaye.

Leo, usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Ukifika dirishani usiseme mtoto ana homa tu maana utakaa foleni na wenye mafua, sema mtoto kafanyiwa upasuaji wa moyo wiki ya tatu sasa, ana homa, CRP imepanda tena, na hawezi kulala chali kwasababu ya kifua. Hilo la kulala chali liseme la kwanza kabisa. Omba apigwe eko, ile ultrasound ya moyo, waangalie kama kuna maji kwenye mfuko unaozunguka moyo. Beba daftari lako, fomu ya Dar, na chupa za dawa zote pamoja na hiyo antibayotiki uliyoanza, waambie ameshakunywa mara ngapi, maana kama watataka kuotesha damu kutafuta bakteria ni muhimu wajue. Na kabla hujaondoka pigia simu namba ya wodi iliyoko kwenye fomu ya kuruhusiwa, madaktari wa Dar wanapenda kujulishwa mapema kuliko kuletewa mtoto amezidiwa. Akianza kuhema haraka haraka, mikono na miguu ikawa ya baridi, akatapika tapika, tumbo upande wa ini likajaa au akalegea kama anataka kuzimia, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo, usisubiri hata mume arudi na gari.

Kitu kingine, usinunue ibuprofeni wala aspirini duka la dawa hata mtu akikwambia inasaidia. Nahisi mtoto anatumia Lasix ile ya kukojoza maji, labda na dawa ya moyo kama enalapril au captopril, ukichanganya na ibuprofeni bila daktari kupanga dozi na kumfuatilia unaweza ukamuumiza figo. Panadol inatosha kwa sasa.

Haya, sasa maswali yako. CRP inatengenezwa na ini. Ini linaitoa likipata amri, na amri yenyewe inakuja kwa kemikali za chembe za kinga, kubwa lao inaitwa intalukini-6, wenyewe wanaandika IL-6. Kwenye upasuaji wa kufungua moyo hiyo amri inatoka hata kama hakuna mdudu hata mmoja. Moyo unasimamishwa, damu inatolewa mwilini inapitishwa kwenye mirija ya plastiki na kwenye kifaa cha kuitia oksijeni halafu inarudishwa. Damu imezoea kugusa ukuta laini wa mishipa tu, ikigusa plastiki inajua imevamiwa. Zile protini za kinga zinazoitwa komplimenti zinaamka, chembe nyeupe zinapata hasira, saitokaini, yaani hizo kemikali za kinga kama IL-6, zinamwagika. Ongeza kwamba moyo na mapafu vilikosa damu kwa muda kisha damu ikarudi kwa ghafla, hilo nalo linachochea. Hata ile protamini wanayotoa mwishoni kuikata heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaamsha komplimenti tena. Mwili mzima unaingia kwenye inflamesheni, yaani uvimbe wa kinga kupambana, ndo unaona mtoto anatoka chumba cha upasuaji uso umevimba macho hayafunguki mzazi anakataa kwamba siyo wake.

Na watoto wanapigwa zaidi ya watu wazima. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo, kwa hiyo mwanao wa kilo 14 ana lita 1.1 hivi mwilini mwote, mtu mzima anazo kama 5. Ile mirija ya mashine lazima ijazwe maji au damu ya kuchangiwa kabla ya kuanza, sasa kwa mtoto mdogo kilichomo kwenye mirija kinakaribia kulingana na sehemu kubwa ya damu yake mwenyewe. Damu inazimuliwa na eneo la plastiki inayogusa kwa kila kilo ya mwili ni kubwa. Kwa hiyo bibi wa Tukuyu usimcheke sana, kuhusu mashine kuchokoza damu yuko sahihi. Pa kumkatalia ni kwenye uchafu, mirija ni mipya ya kila mgonjwa, na hiyo ghasia ya mashine huisha ndani ya siku chache, haiwezi kusubiri wiki ya tatu ndo ilete homa.

Ratiba yake iko hivi. IL-6 inapanda ndani ya masaa machache ya upasuaji na kuanza kushuka. CRP inachelewa, inaanza kuonekana masaa 6 mpaka 12 baadaye, kilele ni siku ya pili au ya tatu, ndo 142 yako hiyo, na kwa mtoto aliyepitishwa kwenye mashine kuvuka 100 ni jambo la kawaida kabisa. Kikisimama kichocheo, CRP inapungua nusu kwa kila masaa 19 hivi, kwa maneno mengine ini likinyamaza unaona mteremko. Daktari wako alisema kweli, siku zile za mwanzo hatuogopi urefu wa mlima, tunangoja kuona unashuka. Kinachotutoa usingizini ni CRP iliyoshuka vizuri halafu ikageuka kupanda. Mwanao kashuka mpaka 24 akapanda mpaka 64. Hapo lazima kuna kitu kipya.

Kitu gani, CRP haisemi. CRP ni kama mbwa anayebweka usiku, anakwambia kuna mtu uani, hakwambii ni mwizi au ni shemeji. Inaweza ikawa mfupa wa kifua umepata usaha kwa ndani huku ngozi ya juu kavu, inaweza ikawa kichomi, mkojo kama aliwekwa mpira, bakteria walionasa kwenye kiraka, na hiyo ndo tunaiogopa kuliko zote, au malaria tu ya kawaida. Ila wewe maelezo yako ya kulia akilala chali na kutulia akiinuliwa, wiki ya tatu, kikohozi hana, mi akili inanipeleka kwenye ule mfuko wa moyo. Kuna hali inatokea baada ya mfuko huo kukatwa kwenye upasuaji, mara nyingi kati ya wiki ya 1 na ya 6, kinga ya mwili mwenyewe inaushambulia, unavimba, maji yanajaa. Homa, kifua kuuma, CRP na ESR juu, na hakuna bakteria. Inatibika vizuri ikijulikana mapema, ila maji yakizidi yanaubana moyo. Ndo maana nimesema eko leo.

Kyela_Kwetu

Naongezea kidogo, mtoto hajapita Kyela au Usangu huko karibuni? Watu wa Uyole mnajisahau kwamba mna baridi ila mkishuka Kyela msibani mnarudi na malaria, na kwenye basi la Dar napo mnalala Morogoro mnaumwa na mbu. Waombe kipimo cha malaria, tena kama aliwahi kutibiwa malaria siku za karibuni wapime na kwa hadubini, maana kile kipimo cha haraka cha mstari kinaweza kuonyesha ana malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona.

mama_wa_uyole

Kyela hatujaenda ila Dar tulikaa muda mrefu. Tuko kwenye bajaji tunaelekea Rufaa, asanteni nitarudi.

Mkuu_Mbalizi

Swali kwa sista. Kama wanajua mashine inaleta hiyo inflamesheni kwanini wasimpe mtoto dawa ya kuizima kabla hata hajafunguliwa? Steroidi si zipo na bei yake ndogo? Na kama IL-6 inawahi kupanda kuliko CRP kwanini wasipime hiyo wakajua mapema.

sista_ipogolo

Mkuu swali zuri, na hilo limewasumbua wataalamu miaka mingi. Steroidi zilitolewa sana, hospitali nyingi duniani zilikuwa zinampa kila mtoto kwa imani hiyo unayosema. Wamarekani wakaja kufanya utafiti mkubwa, watoto wachanga 1200, nusu wakapewa methilprednisoloni kwenye mashine na nusu maji ya kawaida, majibu yakatoka 2022. Kwenye hesabu kuu waliyoipanga toka mwanzo haikuonekana tofauti ya maana ya nani kafa au kapata madhara, ila waliopewa steroidi sukari ilipanda zaidi na wakahitaji insulini. Kwa hiyo sasa hivi kila timu inaamua kivyake, wapo wanaowapa wachanga sana tu, wapo walioacha. Unaweza ukazishusha zile saitokaini kwenye karatasi na mtoto asinufaike, hilo ndo watu wengi hawalitegemei.

Mwaka huohuo wa 2022 yakatoka majibu ya gesi ya naitriki oksaidi, waliichanganya kwenye mashine kwa watoto zaidi ya 1300 Australia, New Zealand na Uholanzi wakitarajia itapoza inflamesheni, nayo haikuwapunguzia siku za kukaa kwenye mashine ya kupumua. Kinachofanyika kwa uhakika ni vitu vya kifundi, kufupisha mirija ili kisihitajike kimiminika kingi, kuipaka ndani kwa heparini ili damu isiione kama adui, na kuichuja damu mwishoni kutoa maji ya ziada, hiyo ilianzia London kwenye hospitali ya Great Ormond Street mwanzoni mwa miaka ya 90. Mtoto anatoka hajavimba sana.

IL-6 maabara nyingi za kwetu hazipimi na ni gharama, tena inapanda kwa kila mtoto anayefunguliwa kwa hiyo haikutengi mgonjwa na asiye mgonjwa. Kipimo kinachosaidia kidogo zaidi ni prokalsitonini, PCT. Kwa kawaida iko chini ya 0.5 ng/mL, nayo inapandishwa na mashine lakini inafika kileleni ndani ya siku moja hivi na kushuka. Ikiwa juu sana na haishuki tunawaza bakteria. CRP ikiwa juu na PCT iko chini, tunawaza zaidi mambo kama ya huo mfuko wa moyo au virusi. Nasema tunawaza, hakuna anayetibu karatasi. Nimeona mtoto PCT nzuri na damu ikaotesha bakteria.

Pembeni kidogo, mnajua kabla mashine haijazoeleka walifanyaje? Mashine ya kwanza kufanikiwa kwa binadamu ni ya John Gibbon, Philadelphia, 1953, alimziba binti wa miaka 18 tundu la moyo. Mwaka uliofuata Walton Lillehei kule Minnesota akawa anatumia mzazi kama ndo mashine, baba analazwa kitanda cha pembeni, damu ya mtoto inapelekwa kwake, mapafu yake yanaitia oksijeni, inarudishwa kwa mtoto. Watoto 45 walifanyiwa hivyo. Mi huwa nawaambia wababa wanaolalamika kutolewa chupa moja ya damu.

Mkuu_Mbalizi

Duh hiyo ya baba kuwa mashine imenishinda. Shukrani sista, umeshiba.

mnyalu_wa_kihesa

Mama wa Uyole ukirudi soma hapa. Binti yangu alipita njia hiyohiyo, yeye alizibwa tundu la vyumba vya juu. Tukarudi Iringa furaha tele, baadaye kidogo homa ikaanza, anasema moyo unachoma akivuta pumzi. Kituo cha kwanza wakampiga sindano za antibayotiki ya seftriaksoni, homa haisikii. CRP ilikuwa 118. Tukaja kukutana na daktari wa watoto aliyemlaza mkono kifuani, akasikiliza muda mrefuuu, akasema nasikia kama ngozi mbili zinakwaruzana. Eko ikaonyesha maji. Malaria hamna, damu waliyootesha haikuota kitu.

Akaanzishiwa ibuprofeni kwa dozi ya kilo zake pamoja na dawa ya kulinda tumbo, Lasix wakairekebisha, figo wakapima. Yaani ndani ya siku chache homa kwisha anadai chips. Kosa ambalo nusura tulifanye ni kutaka kuacha dawa pale alipochangamka, daktari akakataa kabisa, akasema tunafuata CRP na eko, siyo uso wa mtoto. CRP ikashuka mpaka chini ya 5 ndo akaanza kupunguza dozi kidogo kidogo. Alitueleza kwamba ukikatisha haraka maji hurudi, na kuna wanaorudiwa mara zaidi ya moja, na kwa wale wabishi kuna dawa nyingine inaitwa kolchisini au wanapewa steroidi. Leo yuko darasa la pili anacheza mdako na kuruka kamba.

Kwa wazazi wengine, wekeni makaratasi yenu. Sisi yule daktari alivyokuta tuna CRP zote za Dar alifurahi kama kapewa zawadi, maana aliona ilishuka mpaka wapi kabla ya kugeuka.

Mzee wa Kabwe

Nimekaa kimya nasoma. Sweta bado avae lakini.

sista_ipogolo

Hahaha sweta avae mzee wangu, hatujakataa.

mama_wa_uyole

Ndugu zangu nimerudi, simu iliisha chaji. Tumelazwa. Niliposema pale mapokezi kwamba hawezi kulala chali na kafanyiwa moyo, hatukukaa kabisa, tulipitishwa moja kwa moja. Eko imepigwa, maji yapo kuzunguka moyo ila daktari anasema ni kiasi kidogo na hayajaubana, kiraka kimekaa vizuri hakuna kitu kimenasa hapo. Malaria hana. Mkojo safi. Picha ya kifua mapafu safi ila moyo umetanuka kidogo kwenye picha, kasema ni hayo maji. Damu wamechukua ya kuotesha mara tatu sehemu tofauti, antibayotiki ya maji wameisimamisha kwanza. CRP wamerudia hapa ni 71 na hii ni mg/L nimeisoma mwenyewe kabla sijaambiwa. Daktari kaongea na Dar kwa simu mbele yangu, wamekubaliana aanze ibuprofeni kwa kipimo na Lasix wamebadilisha, eko watarudia kesho kutwa na kama maji yataongezeka tutasafirishwa.

Jana usiku kalala chali kidogo, si sana. Bibi yake kaja kutoka Tukuyu na ndizi, nimemwambia sista kasema nusu yake uko sahihi, kafurahi anamwambia kila mtu wodini.

Nina swali la mwisho. Wakituruhusu, CRP nitakuwa napimisha wapi, maana Rufaa foleni na kile kituo cha karibu na kwangu ni dakika chache? Na chanjo yake ya kliniki imefika, aende?

labu_mafinga

Pima sehemu moja. Hata yuniti zikifanana mashine mbili zinaweza zisitoe namba moja kwa damu ileile, tofauti ndogo ya 18 na 23 kati ya maabara mbili haina maana yoyote na itakunyima usingizi bure. Kwa mtoto huyu chagua Rufaa mpaka dozi iishe, kile cha karibu kitumie kwa mambo mengine. Na kwenye daftari lako usiandike namba tupu, andika tarehe na saa, namba, yuniti, jina la maabara, homa ilikuwa ngapi na dawa alizokuwa anatumia siku hiyo. Saa ni muhimu, CRP iliyopimwa homa imeanza masaa manne yaliyopita inaweza kuwa bado haijapanda.

sista_ipogolo

Afadhali, nimefurahi kusikia kiraka kiko salama. Chanjo subiri kidogo, muulize daktari wakati wa kuruhusiwa, na mwambie kama Dar aliongezewa damu kwasababu chanjo ya surua huwa inasogezwa mbele kwa miezi kadhaa baada ya kuongezewa damu, isipofanywa hivyo haishiki vizuri. Akishaanza ibuprofeni mwangalie mkojo, kama nepi au poo linakaa kavu muda mrefu sema, na choo kikiwa cheusi sema. Meno pia, mpigishe mswaki asubuhi na jioni hata akigoma, bakteria wa mdomoni ndo wanapenda viraka. Majibu ya damu iliyooteshwa yakitoka utuambie.

mama_wa_uyole

Sawa dada. Ndaga fijo wote. Majibu ya kuotesha wamesema siku ya 5.